Usitafute Muda wa Mazoezi

Jaribu kutembea barabarani saa kumi jioni ukiwa na shati la kazini na begi mgongoni. Hujafika mbali, bodaboda kadhaa watakuwa wamepunguza mwendo wakikuita, "Bosi, twende." Mtu mnayefahamiana atasimamisha gari, ateremshe kioo na kukuuliza kwa huruma kama gari lako liko gereji. Ukimjibu kwamba umeamua tu kutembea, atacheka na kukwambia uache utani. Mjini kwetu mguu ni wa asiye na nauli. Ajabu ni kwamba huyohuyo aliyekuhurumia hulipa ada ya mwezi jimu, apande mashine ya kutembelea inayomwacha palepale alipo, kisha arudi kwa gari nyumbani kwake mtaa wa pili.

Sina ugomvi na jimu. Anayeiweza na aendelee, na Mungu amzidishie. Ila tuseme ukweli: wengi hujiandikisha Januari, na pilau ya Pasaka huwakuta wameshaacha. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akagombania gari, akarudi nyumbani saa mbili usiku, ukimwambia atenge saa nzima ya mazoezi umemwambia asifanye kabisa. Makala hii ni yake. Ushauri wangu ni kwamba muda huo asiutafute, maana haupo. Auchangamshe mwili ndani ya mambo ambayo leo atayafanya apende asipende: kwenda kazini, kula, kupokea simu, kufua, kwenda msikitini au kanisani.

Ushauri huu si wa kijiweni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima aushughulishe mwili kwa kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Gawanya 150 kwa siku saba, unapata dakika 21 na ushei. Zamani, katika mwongozo wa 2010, zilizohesabiwa ni zile zilizofuatana kumi au zaidi bila kukatika. Mwaka 2020 sharti hilo likaondolewa. Kwa hiyo dakika nne za ngazi za ofisini, sita za kwenda gengeni na tatu za kuzunguka ua huku unaongea na simu zote zinaingia kwenye hesabu. Na huhitaji kununua saa ya kisasa ili ujue "kwa kiasi" ni kiasi gani. Tembea: ukiweza kuzungumza lakini ukashindwa kuimba, hapo ndipo panapotakiwa. Ukiimba wimbo mzima bila taabu, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuitikia salamu, punguza.

Kuhusu zile hatua 10,000 zinazowanyima watu usingizi, jua kwamba hazikutoka hospitali. Mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabia hatua, ikakipa jina la hatua elfu kumi kwa kuwa namba hiyo inavutia. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2019, uliofuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000, ulikuta kwamba waliopiga hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo kuliko waliopiga kama 2,700. Faida iliendelea kupanda hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Anayekaa kutwa nzima ndiye anayenufaika zaidi na hatua chache za kwanza. Hili wauza vifaa vya michezo hawalitangazi.

Kuna kisa kimoja ambacho kila anayepanda daladala anapaswa kukijua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari Jerry Morris wa Uingereza alikuwa akichunguza kwa nini ugonjwa wa moyo unawaua wanaume wa makamo. Akawatazama wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini zamu nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi za ndani ya basi akikata tiketi, kutwa. Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1953: makonda waliugua moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na walioupata waliupata wakiwa na umri mkubwa zaidi. Akaona hali kama hiyo kwa watu wa posta, kati ya wanaosambaza barua kwa miguu na baiskeli na wenzao wa mezani. Miaka michache baadaye aligundua kwamba madereva walikuwa wakivaa suruali za kiuno kipana hata walipokuwa bado vijana, kwa hiyo si tofauti yote iliyotokana na ngazi. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizofuata zimemuunga mkono. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba makonda wale hawakuwa wakifanya mazoezi. Walikuwa wakikata tiketi.

Tuanze basi na safari, maana ndiko siku ya mtu wa mjini inakoishia. Kama uko Dar es Salaam na unapanda basi la mwendokasi kutoka Kimara kwenda Kivukoni, shuka kituo kimoja kabla ya chako, au asubuhi anzia kituo cha mbele. Vituo vya mwendokasi havijaachana sana, na jioni wakati wa foleni ya kuingia kituoni huenda mtembeaji ndiye akatangulia kufika. Palipo na daraja la waenda kwa miguu, kama pale Manzese, pita juu. Usikimbilie kuvuka chini katikati ya magari kwa kuogopa ngazi. Ngazi zile umewekewa bure, na ni zoezi zuri la mapaja na moyo kuliko mashine nyingi za kulipia. Mwenye shughuli za mjini ajue kwamba kutoka Posta hadi Kariakoo ni mwendo wa nusu saa hivi kwa asiye na haraka. Mwenye gari aegeshe mbali kidogo na geti. Kuzunguka robo saa ukitafuta nafasi ya mlangoni ni kuchoma mafuta kwa ajili ya kuokoa hatua hamsini.

Ila kwa maoni yangu kilichotumaliza zaidi ni bodaboda. Kabla hazijajaa mitaani, kila aliyeshuka kituoni alitembea hadi kwake, na hakuna aliyeita mwendo ule mazoezi. Sasa hata mtu mwenye mkoba mmoja anatoa buku asogezwe mahali ambapo angefika kwa dakika kumi. Jiwekee sheria yako na uifuate: umbali fulani, tuseme kutoka kituoni hadi nyumbani, bodaboda hupandi ila kukiwa na mvua, usiku au mzigo. Buku hiyo ukiiweka kando kila siku ya kazi, mwisho wa mwezi unanunua raba nzuri.

Raba nimezitaja kwa makusudi. Watu wanatembea na kandambili, au na viatu vya ofisini vinavyobana vidole, wakiumia nyayo wanasema kutembea hakuwafai. Kama viatu vya kazi havitembeleki, beba raba kwenye begi ubadilishe kazini. Nguo nyingine za pekee hazihitajiki. Mwenye kanga, mwenye dera, mwenye baibui, wote wana miguu.

Tugeukie kukaa. Hapa simsemi mtu wa ofisi tu. Mwenye duka la mtaani anayefungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa nne usiku hukaa pengine kuliko karani. Tazama duka lenyewe lilivyopangwa: mzani uko mbele yake, sukari iliyofungwa tayari iko kulia, mafuta kushoto, vocha kwenye droo, na sabuni zinaning'inia juu anazifikia bila kuinuka. Amejijengea kiti cha enzi. Mteja anapitisha hela kwenye nondo, bidhaa inatoka, magoti hayajanyooka. Huyu hana haja ya kuambiwa aende ufukweni kukimbia, kwa sababu duka atamwachia nani? Abadilishe mpangilio. Vinavyouzwa sana, mkate na sukari, aviweke rafu ya mwisho nyuma, ili kila mteja amwinue. Chumvi na viberiti vikae chini, apate kuchuchumaa. Mauzo hayapungui, na kila mteja anakuwa sababu ya kusimama.

Kwa nini kusimama tu kuwe na maana? Damu inayoshuka miguuni lazima ipandishwe tena hadi kwenye moyo, na kazi hiyo inasaidiwa sana na misuli ya shavu la mguu. Inapojikaza hukamua mishipa na kuisukuma damu juu; unapokaa tuli, inalala. Ndiyo maana baada ya safari ndefu ya basi viatu vinabana. Kwa hiyo kila baada ya nusu saa hivi inuka, nyanyuka kwa vidole mara kumi na tano, tembea hadi dirishani urudi. Fundi cherehani, mlinzi wa getini, mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha, wote wanaweza hili bila ruhusa ya bosi. Na simu, ambayo ndiyo iliyotukalisha, itumike kutuinua. Ikiita, simama, ukiongea, tembea. Kifurushi cha dakika ulichonunua kiishie miguuni.

Nyumbani kuna hazina tuliyoitupa. Kudeki, kufua kwa mkono, kukuna nazi, kutwanga kisamvu, kufagia uwanja: kazi hizi zilimkunja na kumnyoosha mtu kila kiungo. Leo familia yenye uwezo kidogo huziacha zote kwa dada wa kazi, kisha mama mwenye nyumba anaambiwa kliniki kwamba presha iko juu na apunguze uzito. Sisemi mumwachishe dada kazi. Nasema gawaneni. Chukua kufua shuka zako Jumamosi, au chumba chako kideki mwenyewe. Utapata joto la mwili na dada atapata kupumua.

Na hapa nawageukia akina baba, maana habari za kazi za nyumbani mkizisikia huwa mnafungua ukurasa wa michezo. Baba amerudi, ameketi kwenye kochi. Maji ya kunywa analetewa. Maji ya kunawa analetewa. Rimoti iko mezani, hatua mbili kutoka alipo, anamwita mtoto anayefanya kazi za shule chumbani aje kumpa. Kitambi hicho hakitokani na bia peke yake. Heshima ya baba haipungui akiinuka kuchukua glasi.

Baada ya kula ndio wakati ninaousisitiza kuliko mwingine wowote. Ukishakula ugali au wali, sukari ya chakula huanza kupanda kwenye damu. Misuli inayofanya kazi huichoma sukari hiyo, na huichukua hata pale mwili unapokuwa haupokei vizuri insulini. Kwa hiyo matembezi ya dakika kumi au kumi na tano baada ya mlo, kwa mwendo wa taratibu, hupunguza ule mpando wa sukari. Sisi tumezoea kinyume chake: tukila mchana tunasinzia, tukila usiku tunaingia kitandani. Toka nje. Zunguka nyumba, nenda hadi kwa jirani ukamjulie hali, fuata vocha dukani hata kama ungeweza kununua kwa simu.

Waislamu wanaokaa karibu na msikiti wana nafasi ambayo wengine wataionea wivu, kwani safari ya kwenda na kurudi imeshapangiwa saa zake. Anayekwenda kwa miguu katika swala mbili tu za siku huenda akafikisha zile dakika 21 bila kujua. Kwenye swala yenyewe kuna kurukuu, kusujudu, kukaa na kuinuka, na mzee anayeendelea na hayo hulazimika kukunja magoti na nyonga kila siku. Ibada siigeuzi mazoezi. Mwenye kuswali anajua anachokifuata. Nasema tu pikipiki ya kwenda msikiti ulio mtaa wa pili haina sababu. Na Mkristo wa jumuiya ndogondogo, ambaye wiki hii anasali kwa huyu na wiki ijayo kwa yule, naye atembee.

Kutembea peke yake hakutoshi, hasa ukishapita miaka arobaini, kwa sababu misuli hupungua kadiri umri unavyosonga. Mwongozo ule wa 2020 unataka pia mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi kwa wiki, na kwa waliofika 65 unaongeza ya kuuzoesha mwili usiyumbe ili wasianguke, siku tatu au zaidi. Kifaa chake unacho: kiti. Kama ni cha plastiki, kiegemeze ukutani, maana kwenye vigae kinateleza na utakaa chini usivyotarajia. Kaa nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote zikanyage sakafu, upana wa mabega. Kunja mikono kifuani. Inama kidogo mbele, simama hadi unyooke kabisa, kisha rudi ukae polepole, ukihesabu moja, mbili, tatu kabla makalio hayajagusa kiti. Usijibwage, faida kubwa iko kwenye kushuka. Fanya mara nane, pumzika, rudia. Bibi asiyeweza bila mikono ashike meza, na aongezewe mto juu ya kiti ili kisiwe chini sana. Mtu anayeinuka mwenyewe kitini ndiye anayeweza kwenda chooni bila kuita mtu, na anayejua uzee anajua uzito wa jambo hilo. Ili mwili usiyumbe, simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, mkono mmoja ukiwa tayari kushika sinki, kisha badilisha mguu.

Si kila mtu wa kuambiwa aongeze. Kuli wa sokoni anayebeba magunia, mama ntilie aliyesimama jikoni tangu saa kumi alfajiri, mkulima wa jembe la mkono, hawa miili yao imeshachoshwa. Kubeba mizigo mizito kutwa si sawa na kutembea kwa hiari yako. Wao nawashauri wakae wanapopata nafasi, wainue miguu juu ya kigoda, wanyooshe mgongo na mabega, wanywe maji, na mzigo waunyanyue kwa kukunja magoti, si kiuno.

Kuna tahadhari chache pia. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vinavyoshusha sukari abebe kitu kitamu mfukoni, na akihisi kutetemeka, jasho la ghafla au kizunguzungu asimame na akile. Kila jioni akague nyayo zake, maana ganzi humficha mtu kidonda. Mwenye dawa za presha asiinuke kwa pupa. Ukibanwa kifua, maumivu yakapanda shingoni au kushuka mkononi, au ukakosa pumzi kuliko ilivyo kawaida yako, acha na uwahi hospitali. Usiseme ni gesi. Pwani, kwa joto letu, tembea kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembea upande wa kulia uyaone magari yanayokuja, na kukiwa na giza vaa nguo nyeupe.

Kwa anayependa wenzake, Dar es Salaam imejaa klabu za jogging, zenye fulana za rangi moja na nyimbo za mchakamchaka. Zanzibar kila tarehe 1 Januari watu hutoka kwa wingi katika siku ya mazoezi. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliitaka nchi ifanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Yote ni mazuri, hasa kwa wanawake ambao hawajisikii salama kutembea peke yao alfajiri. Nina neno moja tu kwa wanaklabu: mkimaliza mbio mkakaa kwenye supu na chapati nne hadi saa sita mchana, hesabu hairudi mlikoitaka. Na mwili hauishi kwa Jumamosi moja ya mwezi.

Usianze na yote niliyoyaandika. Chagua moja, wiki hii tu, likishazoeleka uongeze la pili. Ukishindwa kuchagua, anza na chakula cha usiku wa leo: ukimaliza kula, chukua sahani yako mwenyewe uipeleke jikoni, kisha vaa viatu utoke nje dakika kumi kabla hujakaa tena.